Kufundisha uaminifu wa kitaaluma sekondari: mwongozo kamili wa mwalimu, hatua kwa hatua

Shule nyingi hulimaliza somo hili siku ya kwanza ya muhula. Mwalimu anasoma kanuni: kunakili ni kosa, kuangalizia ni kosa, adhabu yake ni hii. Wanafunzi wanasaini fomu, fomu inaingia kwenye faili, na somo halirudi tena mpaka mtu anaswe. Akinaswa, kila mtu anashangaa: si walisaini?

Mwongozo huu una msimamo tofauti. Kufanya kazi kwa uaminifu ni ustadi, na ustadi hufundishwa kwa mazoezi, kusahihishwa na kurudia. Mwaka 1928 watafiti Hugh Hartshorne na Mark May walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa maelfu ya watoto wa shule nchini Marekani, wakiwapa nafasi za kudanganya katika mitihani, michezo na kazi za nyumbani. Walikuta kwamba aliyedanganya hapa mara nyingi hakudanganya pale. Mazingira ya kazi yenyewe yalikuwa na nguvu kubwa kuliko watu walivyodhani. Kwa mwalimu hiyo ni habari njema, maana mazingira ya kazi anayapanga yeye.

Hatua ya 1: Anza na walimu wenzako

Mwalimu wa hisabati anawaambia wanafunzi wafanye mazoezi wawili wawili. Wa lugha anaona kusaidiana ni wizi. Wa fizikia hajasema lolote. Mwanafunzi mmoja anapita kwa wote watatu siku moja, na kila mmoja anadhani mpaka wake unajulikana.

Kaeni chumba cha walimu, muandike ukurasa mmoja usio na lugha ya kisheria. Ueleze msaada gani unaruhusiwa, kutoka kwa nani, utatajwaje, na kitatokea nini mtu akivuka mpaka. Baada ya hapo kila mwalimu aongeze sentensi moja juu ya kila kazi anayoitoa. Kwa mfano: "Kazi hii mnaweza kujadiliana, lakini kila mmoja aandike peke yake, daftari la mwenzake likiwa limefungwa." Sentensi hiyo huzuia ugomvi mwingi kuliko kijitabu kizima cha kanuni.

Mkitaka wanafunzi wasaini, wasaini, ila msiitegemee saini. Mwaka 2012 ulitoka utafiti uliovuma sana, ukidai kwamba mtu akisaini tamko la ukweli juu ya fomu kabla ya kuijaza hudanganya kidogo kuliko anayesaini chini baada ya kuijaza. Mwaka 2021 utafiti huo ulifutwa, baada ya kugundulika kwamba data za mojawapo ya majaribio yake zilikuwa za kughushi. Wasimulie wanafunzi kisa hicho. Utafiti juu ya uaminifu kuangushwa na data za uongo ni kitu ambacho hawatakisahau upesi.

Hatua ya 2: Wape visa wabishane

Tumia kipindi kimoja. Ligawe darasa katika makundi ya watu wanne, kisha kila kundi lipate visa hivi na liamue: ni sawa, si sawa, au inategemea.

– Dada mkubwa amesoma insha ya mdogo wake na kusahihisha tahajia. Akaendelea, akapanga upya sentensi mbili. Akaendelea tena, akaandika aya ya mwisho. Kosa limeanzia wapi?
– Mwanafunzi anampa mwalimu wa historia insha ileile aliyompa mwalimu wa uraia muhula uliopita.
– Usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi, mtu ametuma picha ya majibu kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Umeifungua. Hujaandika kitu.
– Aliyefanya mtihani asubuhi anamwambia rafiki yake wa mkondo wa mchana: "Usilale kabla hujapitia sura ya tano."
– Vipimo vya maabara vimekaa vibaya. Mwanafunzi anabadilisha namba mbili ili mstari wa grafu unyooke.

Usiharakishe kutoa jibu. Waache wabishane, na uwaulize kila mara nani anaumia. Kisa cha sura ya tano huwagawa katikati, na hilo ni zuri. Mwishoni toa uamuzi wako kwa kila kisa na sababu zake, maana mjadala usio na hitimisho huwaacha na imani kwamba kila kitu ni maoni ya mtu.

Kisa cha grafu kichunguze zaidi, kwa sababu wanafunzi wengi hawaoni ubaya wake. Wanajua jibu "sahihi" ni mstari ulionyooka, kwa hiyo wanaona wamesahihisha tu. Ukweli ni kwamba mara nyingi sisi ndio tuliowafundisha hivyo: aliyeleta mstari ulionyooka alipata alama zote, na aliyeleta vipimo vyake halisi akakatwa. Badilisha usahihishaji kwanza. Ripoti inayosema "kipimo cha nne kimetoka nje ya mstari, nadhani nilisoma kipimajoto kabla hakijatulia" ipate alama nyingi kuliko grafu safi isiyo na maelezo. Ukifanya hivyo mara mbili, upikaji wa namba utapungua bila hotuba yoyote.

Hatua ya 3: Fundisha kuandika kwa maneno yako

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo walimu wengi huparuka. Tunamwambia mwanafunzi "andika kwa maneno yako" kana kwamba ni jambo la kuamua tu. Hajawahi kuonyeshwa linavyofanyika. Anafungua kitabu, anaweka daftari kando yake, anabadilisha neno moja moja, na anaamini kwa dhati kwamba ametii.

Waonyeshe ubaoni. Chukua aya fupi ya chanzo, kwa mfano hii:

"Mmea hunyonya maji kwa mizizi na kuyapandisha hadi kwenye majani, ambako sehemu kubwa ya maji hayo hupotea hewani yakiwa mvuke, kupitia vitundu vidogo vilivyo zaidi upande wa chini wa jani."

Chini yake andika toleo la mwanafunzi:

"Mimea hufyonza maji kupitia mizizi na kuyapeleka juu mpaka kwenye majani, ambapo kiasi kikubwa cha maji hayo hutoweka hewani kama mvuke, kupitia matundu madogo yaliyopo hasa chini ya jani."

Waambie wapige mstari chini ya kila neno lililobadilika, halafu uwaulize: mpangilio wa mawazo ni wa nani? Sentensi inaanza na nini, inaishia na nini? Wataona wenyewe kwamba mifupa ni ileile, imevalishwa nguo nyingine. Hiyo bado ni kazi ya mwandishi wa kwanza, hata chanzo kikitajwa.

Sasa andika toleo la tatu:

"Maji mengi ambayo mmea huyachota ardhini hayakai ndani yake. Hutoka tena kwenye majani yakiwa mvuke (hapa taja mwandishi na ukurasa). Hii inaweza kueleza kwa nini mche uliohamishwa hunyauka jua likiwa kali: majani yanaendelea kupoteza maji wakati mizizi bado haijashika."

Wazo la kwanza limetoka kwenye chanzo na limetajwa. Wazo la pili ni la mwanafunzi. Ukitazama utaona amelielewa jambo, kwa sababu amelitumia.

Njia ya kufika hapo ina miiko michache, na ifanyeni pamoja darasani kabla ya kuipeleka nyumbani. Mwanafunzi asome aya mara mbili bila kushika kalamu. Afunge kitabu. Amweleze jirani yake kwa mdomo aya inasema nini, na jirani amuulize swali moja. Ndipo aandike, kitabu kikiwa bado kimefungwa. Akimaliza, akifungue kwa sababu mbili tu: kuhakiki kwamba hajapotosha, na kunakili jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Asiyeweza kueleza kwa mdomo bado hajaelewa. Huyo arudi kusoma, asilazimishwe kuandika, maana akilazimishwa atanakili.

Kwenye daftari la maelezo wazoeze kuweka herufi pembeni ya kila mstari: N kwa nukuu ya neno kwa neno, M kwa muhtasari wa wazo la mtu, Y kwa wazo langu. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini huondoa utetezi wa kawaida kuliko wote, ule wa "nilisahau kwamba haya hayakuwa maneno yangu". Utetezi huo mara nyingi ni wa kweli. Wiki mbili baadaye, maelezo yasiyo na alama yote yanafanana na kazi ya mwenye daftari.

Rudia zoezi hili kila baada ya wiki chache, kwa aya ya somo lolote, kwa dakika 10 tu.

Hatua ya 4: Kutaja chanzo

Usilifanye jambo hili liwe gumu. Chagueni mtindo mmoja wa kuandika marejeo shule nzima. APA na MLA ndiyo inayotumika sana, na wowote kati ya hiyo unafaa. Kwa madarasa ya chini inatosha mwanafunzi ataje mwandishi, jina la kazi, mwaka na ukurasa, na kwa tovuti aongeze anwani na tarehe aliyoisoma. Nukta na mkato vitakuja baadaye. Mwalimu anayekata alama kwa ajili ya mkato anawafundisha kuogopa marejeo.

Mambo mawili huwatatiza. La kwanza: nini hakihitaji chanzo? Ukweli unaokubalika na kupatikana kila mahali, kama vile maji kuchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi usawa wa bahari, hauhitaji. Takwimu, hoja ya mtu na tafsiri ya tukio vinahitaji. Wakiwa na shaka, wataje. La pili ni picha, michoro na tafsiri. Kuifasiri makala kutoka lugha nyingine hakukufanyi mwandishi wake, na wanafunzi wanaosoma kwa lugha mbili wanahitaji kuambiwa hivyo waziwazi.

Hatua ya 5: Panga kazi ambayo si rahisi kuiba

Swali la "Eleza sababu za Vita vya Kwanza vya Dunia" lina majibu tayari kila kona ya intaneti. Ukiuliza hivyo, usishangae unacholetewa. Uliza badala yake: "Kati ya sababu tatu tulizojadili Jumanne, ipi unaona ilipewa uzito kupita kiasi na mwenzako, na kwa nini?" Hakuna tovuti iliyokuwa darasani kwenu Jumanne.

Kazi ndefu igawe vipande, na kila kipande kikusanywe kwa tarehe yake: mada na maswali matatu, kisha maelezo yenye herufi za N, M na Y, kisha rasimu, kisha kazi kamili. Toa angalau theluthi ya alama kwa vipande vya njiani. Insha iliyonunuliwa au kuombwa kwa mtu huja nzima nzima usiku wa mwisho. Haina rasimu wala maelezo. Tena wewe mwenyewe utagundua mapema nani amekwama, kabla hajafika pa kukata tamaa.

Punguza uzito wa mtihani mmoja. Majaribio madogo ya mara kwa mara huwafanya wasome kidogo kidogo na huondoa hofu inayomsukuma mtu kuficha kikaratasi kwenye mkono wa shati. Kwa hisabati, waambie waeleze kwa sentensi hatua moja unayoichagua wewe: "kwa nini hapa umegawanya kwa x, na ni lini usingeruhusiwa?" Aliyenakili hukwama hapo hapo. Chumba cha mtihani nacho kinahitaji mambo ya kawaida, nayo hayahitaji maelezo marefu: matoleo mawili ya karatasi, madawati yaliyoachana, simu mbele.

Na weka mlango wa dharura. Mwanafunzi aweze kuomba saa 24 za ziada mara moja kwa muhula bila kutoa sababu. Anayeona ana njia mbili tu, sifuri au kunakili, mara nyingi atachagua kunakili.

Hatua ya 6: Akili mnemba

ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali na kuandika insha, ilitoka Novemba 2022, na tangu hapo swali hili haliepukiki. Kukataza kabisa na kunyamaza kabisa vyote huishia pamoja: wanafunzi wanatumia kimyakimya.

Kila kazi ibebe kiwango chake cha matumizi ya akili mnemba. Kiwango cha kwanza, haitumiki hata kidogo, na kazi hiyo afadhali ifanyikie darasani kwa kalamu. Cha pili, inatumika kujiandaa: kuulizia maana, kutunga maswali ya kujipima, ila maandishi yote ni ya mwanafunzi. Cha tatu, inatumika wazi, na mwanafunzi anaambatisha alichouliza, alichojibiwa, na alichobadilisha.

Programu za kubaini maandishi ya mashine usizifanye hakimu. Kampuni ya OpenAI yenyewe, iliyotengeneza ChatGPT, ilitoa chombo chake cha kubaini mwanzoni mwa 2023, ikakiondoa Julai mwaka huohuo kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka 2023 pia watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba za aina hiyo kwa insha za Kiingereza za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo, zilizoandikwa na binadamu, zilitajwa kuwa ni za mashine. Mwanafunzi anayeandika kwa lugha ya pili hutumia maneno machache na sentensi za moja kwa moja, na programu inaona hiyo ni dalili. Ukimhukumu kwa asilimia iliyotoka kwenye kioo, unaweza kumwadhibu kwa sababu anajifunza lugha.

Kuna zoezi moja linalowafungua macho kuliko maonyo. Wape mada, waiombe ChatGPT vyanzo vitano, halafu wakitafute kimoja kimoja maktabani na mtandaoni. Huenda baadhi visiwepo kabisa: mwandishi yupo, kitabu hakipo, au jarida lipo, makala haipo. Ndipo uwasimulie ya Juni 2023, pale mahakama ya New York ilipowatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hoja zenye kesi ambazo ChatGPT ilizibuni. Walikuwa watu wazima wenye shahada, na hawakuhakiki.

Hatua ya 7: Ukishuku, ongea kwanza

Usimwite mbele ya darasa. Ripoti ya programu ya kulinganisha maandishi, kama Turnitin, inaonyesha kufanana tu, na humo huhesabu hata nukuu halali na orodha ya marejeo isipokuwa uvitoe. Asilimia 30 inaweza kuwa kazi safi, na asilimia 8 inaweza kuwa aya moja iliyoibwa yote. Soma mwenyewe, ulinganishe na alichoandika darasani, kisha umwite faraghani.

Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Karibu, kaa. Nimesoma insha yako, nina maswali mawili matatu. Hii aya ya tatu, hebu niambie unasema nini."
"Inasema... kuhusu ukoloni na uchumi, mwalimu."
"Umeandika 'uchumi tegemezi'. Ungemweleza mdogo wako, ungesemaje?"
Kimya. "Sijui vizuri, mwalimu."
"Sawa. Ilikuwaje ukaiandika?"

Swali la "ilikuwaje" lina thamani kubwa kuliko "umeiba wapi". La pili linazaa uongo papo hapo. La kwanza linampa nafasi ya kusema kwamba alianza saa tano usiku, au alidhani kubadilisha maneno kunatosha, au kaka yake ndiye aliyeiandika. Ukishajua, tenganisha mambo matatu: kutojua, uzembe na kukusudia. Asiyejua arudie kazi baada ya kufundishwa upya. Mzembe arudie na apunguziwe alama. Aliyekusudia, ameuza au amenunua, aende kwenye utaratibu wa shule kwa maandishi, na mzazi ajulishwe. Kwa wote, kazi irudiwe. Sifuri peke yake inamwambia kwamba alichokosa ni alama, wakati alichokosa ni kujifunza.

Mzazi akija, uwe tayari kwa jambo ambalo hatupendi kulisema: wapo wazazi walioiandika kazi wenyewe na hawaoni tatizo. Usibishane naye juu ya maadili. Mwonyeshe insha ya nyumbani na ya darasani zikiwa kando kwa kando, umuulize ni ipi itakayoingia kwenye chumba cha mtihani.

Hatua ya 8: Wewe mwenyewe

Taja chanzo chini ya kila zoezi ulilolitoa kwenye kitabu cha mtu au karatasi ya mtihani wa zamani. Picha unayoionyesha, iwe na jina la mpigaji. Swali ambalo hulijui, sema hulijui, ulete jibu kesho na useme umelipata wapi. Wanaona yote.

Na shule ambayo msimamizi hupita katikati ya madawati akinong'ona majibu ili wastani wa shule upande haiwezi kufundisha somo hili, hata ikibandika mabango ukutani. Mwalimu aliye kwenye shule ya namna hiyo ana kazi ya kwanza nje ya darasa.

Hatua ya 9: Pima mwisho wa muhula

Wape karatasi isiyo na jina, yenye maswali matatu: ni kazi gani ulishawishika zaidi kudanganya, kwa nini, na nini kingekusaidia usifanye hivyo? Waandike kwa herufi kubwa ili mwandiko usiwatambulishe, na mwanafunzi mmoja azikusanye kwenye bahasha.

Yasome majibu ukiwa na ratiba ya muhula mbele yako. Yakirudiarudia kwamba kazi tatu zilikusanywa siku moja, ipeleke ratiba hiyo kwenye kikao cha walimu na tarehe zigawanywe. Yakitaja kazi moja tu, andika swali jipya la kazi hiyo kabla ya likizo, ungali unakumbuka walichosema.